Foleni Iliyo Mbele ya Mzabuni: Kuiuzia Serikali ya Jimbo la Texas

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Julai, watu wetu wa hapa Houston huanza kunipigia simu wakiniuliza jambo lile lile: kazi za serikali ya jimbo zinapatikana wapi, na mtu anaombaje. Wengi wao wana kampuni ndogo za usafi kama yangu, wengine wana malori ya kubeba mizigo, na wapo wachache wanaokata nyasi na kutunza bustani za maofisi. Nimewajibu mmoja mmoja kwa muda mrefu, na kila nikikata simu huona kwamba nimeeleza nusu tu ya mambo, kwa sababu swali lenyewe limeanzia katikati. Tangazo la zabuni hupatikana kwa wepesi kuliko wanavyodhani. Kigumu ni kufahamu ni nani wamesimama mbele yako katika foleni kabla ofisa ununuzi wa serikali hajaruhusiwa hata kukutazama, na mimi mwenyewe nilizunguka miaka miwili nikijaza makaratasi kabla ya kulitambua jambo hilo.

Nianze basi na hao waliotangulia katika foleni.

Mtu aliyekulia kwetu akisikia kwamba ofisi fulani ya serikali inahitaji viti, hufikiri kwamba ofisi hiyo itatoka sokoni, itaulizia bei na kununua kwa aliye nafuu. Katika Texas ofisa ununuzi haanzii sokoni. Kwanza hutazama kama kitu anachokihitaji kinatengenezwa na wafungwa, kwa kuwa Idara ya Magereza ya jimbo ina kitengo cha viwanda, Texas Correctional Industries, ambacho hutengeneza samani, mavazi, mabango na hata vibao vya namba za magari, na sheria inazielekeza ofisi za jimbo huko kabla ya kwenda kwa mfanyabiashara wa kawaida. Kisha hutazama kama bidhaa au huduma hiyo inatolewa chini ya mpango wa kununua kutoka kwa watu wenye ulemavu. Mpango huo unasimamiwa na Tume ya Nguvukazi ya Texas, na kazi zake hupitia shirika lisilo la faida linaloitwa WorkQuest, ambalo zamani lilijulikana kama TIBH. Huduma ikiwa imo katika orodha ya mpango huu, na bei yake ikiwa imekubaliwa kuwa ya haki, ofisi ya serikali huinunua bila kushindanisha mtu yeyote.

Nimelikazia hili kwa sababu usafi wa majengo na ukataji wa nyasi ni miongoni mwa huduma kubwa za mpango huo. Katika mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikipita mbele ya jengo moja la serikali karibu kila siku, nikiwaona wafanyakazi wakiingia jioni na ndoo zao, nami nikisubiri kwa hamu siku ambayo zabuni ya jengo lile ingetangazwa. Haikutangazwa. Nilikuja kuelezwa na ofisa mmoja, kwa upole mkubwa, kwamba jengo lile halikuwa limewahi kushindanishwa katika miaka yote aliyofanya kazi pale, na kwamba hakukuwa na dalili ya kushindanishwa, kwa kuwa lilikuwa ndani ya mpango wa watu wenye ulemavu. Sina kinyongo na mpango wenyewe. Mwenye kiti cha magurudumu anayepata mshahara wa halali ana haki ya kazi hiyo kuliko mimi ninayeweza kupanda ngazi na kutafuta kwingine. Kilichoniuma ni miezi niliyoipoteza kwa kutouliza.

Baada ya makundi hayo mawili huja mikataba ya jimbo zima. Ofisi ya Mdhibiti wa Hesabu za Umma, ambaye hapa huchaguliwa kwa kura na ndiye anayekusanya kodi, anayelipa madeni ya serikali na anayesimamia ununuzi, huingia mikataba mikubwa na wauzaji wa vitu vinavyohitajika kila mahali: karatasi, mafuta, matairi, magari, vifaa vya maofisi. Ofisi yoyote ya jimbo ikitaka vitu hivyo huingia katika tovuti ya Texas SmartBuy na kuagiza, kama mtu anayeagiza viatu mtandaoni. Upande wa kompyuta, programu na huduma zake kuna Idara ya Rasilimali za Habari, inayojulikana kwa herufi DIR, ambayo mikataba yake ndiyo njia ya kwanza kwa ofisi za jimbo. Kijana anayetengeneza mifumo ya kompyuta akiniuliza zabuni ya programu inatangazwa wapi, humwambia kwamba asitafute zabuni ya programu. Atafute lini DIR itafungua upya dirisha la kupokea wauzaji katika aina yake ya kazi, au amtafute muuzaji ambaye tayari ana mkataba wa DIR na afanye kazi chini yake.

Kwamba foleni hii ina nguvu kuliko soko lenyewe lilionekana wazi mwaka 2014, wakati Tume ya Afya na Huduma za Jamii ya Texas ilipojikuta katika kashfa ya mkataba wa programu ya kusaka udanganyifu katika bima ya afya ya Medicaid. Kazi hiyo ilikuwa imepewa kampuni ya 21CT ya Austin, mji mkuu wa jimbo, bila ushindani wa kawaida, kwa kupitia mkataba wa DIR, na thamani yake ilikuwa inaelekea kufika dola milioni 110. Mkataba ukavunjwa, wakubwa kadhaa wakajiuzulu, na mwaka 2015 Bunge la jimbo likapitisha sheria, SB 20, iliyobana matumizi ya mikataba hiyo ya pamoja na kuzitaka ofisi ziweke mikataba yao hadharani katika tovuti zao. Sisi wadogo tumefaidika na sheria hiyo kwa njia ambayo nadhani walioitunga hawakuifikiria sana, nami nitaieleza mbele kidogo.

Kazi ambayo haikunaswa na yeyote kati ya hao ndiyo inayofika sokoni, na hapa kiasi cha fedha huamua namna ya kununua. Ununuzi usiozidi dola 10,000 hauhitaji ushindani. Ofisa anaweza kununua kwa mtu yeyote anayefaa. Kati ya dola 10,000 na 25,000 ni lazima aombe bei kwa wauzaji wasiopungua watatu. Ikizidi 25,000 inakuwa zabuni rasmi, na tangazo lake ni lazima liwekwe katika gazeti la mtandaoni la jimbo linaloitwa Electronic State Business Daily, ambalo watu wote huliita ESBD. Tangazo likiwekwa pamoja na nyaraka zote za zabuni, hukaa hapo kwa siku zisizopungua 14. Likiwa ni taarifa tu, bila nyaraka kamili, hukaa siku 21.

Kulisoma ESBD ni bure. Hakuna nywila wala ada, na hata aliye Nairobi au Muscat anaweza kulifungua usiku huu akaona Idara ya Uchukuzi inatafuta nini huko Lubbock. Ninalisema hili kwa sauti kwa kuwa zipo kampuni zinazouza taarifa hizo hizo kwa ada ya kila mwezi, na wapo watu wetu wanaozilipa wakiamini kwamba wamenunua mlango wa siri. Ada iliyo halali ni moja, dola 70 kwa mwaka, inayolipwa kwa ofisi ya Mdhibiti ili jina la kampuni yako liingie katika orodha kuu ya wazabuni, inayoitwa kwa kifupi CMBL. Ofisa anayetaka bei tatu za kazi ya dola 18,000 hafungui kitabu cha simu wala hamwulizi jirani yake. Hufungua orodha hiyo. Usipokuwamo, kazi zote za kiwango kile cha kati hukupita bila wewe kusikia hata mlio wake.

Kujiandikisha katika CMBL huchukua chini ya saa moja, lakini kuna mahali pawili ambapo mtu huharibu. Pa kwanza ni namba za bidhaa na huduma. Kila kitu ambacho serikali inaweza kukinunua kimepewa namba ya tarakimu tano katika mfumo wa NIGP. Usafi wa majengo, kwa mfano, ni 910-39. Ofisa hutafuta kwa namba, hatafuti kwa maneno. Mwenzangu mmoja aliyekuwa na kampuni ya kuosha mazulia alijiandikisha kwa namba ya kuuza mazulia, akakaa mwaka mzima akipokea maombi ya bei ya bidhaa ambayo hakuwahi kuigusa. Pa pili ni wilaya. Jimbo limegawanywa katika wilaya 25 za Idara ya Uchukuzi, na unapojiandikisha unachagua zile unazoweza kufanyia kazi. Mimi kwa tamaa ya ugeni nilichagua zote 25. Texas ina ukubwa wa kutosha kuimeza Uganda mara mbili na bado ikabaki nafasi. Nilikuwa naombwa bei ya kusafisha ofisi El Paso, ambako kutoka kwangu ni safari ya gari ya kutwa nzima. Kila ombi usilolijibu linamfundisha ofisa kwamba jina lako halina maana, kwa hiyo sasa nimebakiza wilaya tatu.

Kuhusu zile kazi za chini ya dola 10,000, ningependa ndugu zangu wasizidharau. Ni huko peke yake ambako kujulikana kwa uso kuna kazi halali. Ofisa wa kituo kidogo ambaye bomba limepasuka na zulia limelowa Ijumaa jioni atampigia mtu ambaye kadi yake ipo mezani. Kazi yangu ya kwanza kabisa ya serikali ilikuwa ya dola 2,300, siku mbili za kuondoa nta kuukuu katika sakafu na kupaka mpya. Ilinipa barua moja ya kusema kwamba niliimaliza kwa wakati, na barua hiyo nimeiambatisha katika kila zabuni tangu siku hiyo, kwa kuwa karibu kila nyaraka huuliza umewahi kumfanyia kazi nani.

Sasa niseme juu ya ile faida ya mikataba kuwekwa hadharani. Mzabuni anayesubiri tangazo la ESBD amekwisha kuchelewa. Siku 14 hazitoshi kulitembelea jengo, kuhesabu vyoo, kupata bei ya bima na kuandaa karatasi 60. Aliyeshinda mara nyingi alijua mwaka mmoja kabla kwamba mkataba ule unaisha. Alijua kwa sababu aliusoma: ofisi nyingi zimeweka mikataba yao katika tovuti zao, na Bodi ya Bajeti ya Bunge ina hifadhidata ya mikataba inayotazamwa na yeyote. Huko utaona kampuni inayofanya kazi hiyo sasa, thamani ya mkataba, tarehe ya kuanza, na mara ngapi unaweza kuongezwa. Mkataba wa usafi kwa kawaida huwa na kipindi cha kwanza kisha vipindi vya nyongeza, na ukijua hesabu hiyo unajua tangazo litatoka lini, kwa tofauti ya miezi michache.

Isitoshe, kuna Sheria ya Habari za Umma, sura ya 552 ya kanuni za serikali, inayomruhusu mtu yeyote kuomba nakala ya nyaraka za ofisi za umma. Unaandika barua pepe ya mistari minne, husemi kwa nini, na ofisi inapaswa kukupa haraka au kukueleza ndani ya siku 10 za kazi lini itakupa. Kwa njia hii niliomba jedwali la bei za wazabuni wote wa jengo moja lililonishinda. Mara ya kwanza niliona aibu, kana kwamba ninachungulia chungu cha jirani. Ofisa aliyenijibu hakuonyesha kushangaa. Alinitumia siku ya tatu, na akaniambia kwamba kampuni iliyoshinda huomba jedwali hilo kila mara, ishinde au ishindwe.

Msimu nao una maana. Mwaka wa fedha wa jimbo huanza tarehe 1 Septemba na kuisha tarehe 31 Agosti, na bajeti hupitishwa kwa miaka miwili miwili na Bunge linalokutana kwa kawaida siku 140 tu katika miaka ya witiri. Ndiyo maana simu huanza Julai: ofisi zilizobakiwa na fedha hutaka kuzitumia kabla ya Agosti kuisha, na mikataba mingi mipya huanza Septemba mosi. Ndugu anayenipigia Julai akiwa hajasajili kampuni, hana bima na hana kodi iliyonyooka, humwambia kwa moyo mweupe kwamba msimu huu umempita, ajiandae kwa ujao. Wengine hukasirika.

Juu ya kuandika zabuni yenyewe nina kisa ambacho bado hunipa usingizi mbaya. Ilikuwa zabuni yangu rasmi ya kwanza, jengo la ofisi la orofa tatu. Niliketi na nyaraka usiku kumi. Bei yangu niliitengeneza kwa uangalifu, nikaifunga bahasha, nikaipeleka kwa mkono siku moja kabla. Siku ya kufungua nilihudhuria, kwa kuwa zabuni za aina hiyo hufunguliwa hadharani na bei husomwa kwa sauti, na bei yangu ilikuwa ya chini kuliko zote. Nilitoka pale nikiwa nimekwisha kumpigia mke wangu. Wiki iliyofuata nikapata barua kwamba zabuni yangu imeondolewa: ofisi ilikuwa imetoa nyongeza mbili za nyaraka baada ya tangazo, na mzabuni alitakiwa kutia sahihi kila nyongeza na kuirudisha. Ya kwanza niliitia sahihi. Ya pili iliwekwa ESBD siku nne kabla ya kufunga, wakati mimi nilikuwa nimeacha kutazama.

Nilinung'unika kwa mwezi mzima kwamba serikali imekataa kuokoa fedha zake kwa sababu ya sahihi moja. Kisha nikaomba zile nyaraka za mshindi. Bei yake ilikuwa juu ya yangu kwa karibu asilimia 15, na nilipolinganisha mstari kwa mstari nikaona kwamba yeye alihesabu msimamizi wa zamu kila usiku, ambaye alitajwa katika ile nyongeza ya pili niliyoikosa. Laiti ningeshinda kwa bei ile, ningemlipa msimamizi huyo kutoka mfukoni mwangu kwa miaka miwili. Yule ofisa aliyeniondoa alikuwa ameniokoa, nami nilikuwa nikimsema vibaya kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza.

Kwa hiyo hesabu ya bei nitaieleza kidogo, kwa kuwa ndipo kampuni zetu hufa. Chukua jengo la futi za mraba 40,000 linalosafishwa usiku tano kwa wiki. Mimi hukadiria kwamba mfanyakazi mzoefu husafisha futi 3,000 kwa saa katika ofisi za kawaida, bila kuhesabu kazi za sakafu, basi kila usiku unahitaji saa 13 na dakika 20. Kwa usiku 260 za mwaka hizo ni saa 3,467. Ukilipa dola 14 kwa saa, mishahara ni kama dola 48,500. Ongeza asilimia 7.65 ya mwajiri kwa hifadhi ya jamii na bima ya wazee, unafika dola 52,200, ambazo kwa mwezi ni 4,350. Bado hujanunua mfuko mmoja wa takataka, hujalipa bima, hujamlipa mtu wa kuziba pengo la aliyeumwa, na hujapata faida. Nimeona watu wakiandika dola 3,500 kwa mwezi kwa jengo la ukubwa huo kwa sababu walimwuliza rafiki na rafiki akawaambia kwamba majengo ya namna ile huenda kwa 3,500. Huyo atashinda, atawapunguzia watu saa, malalamiko yatajazwa katika kumbukumbu za ununuzi, na ofisi nyingine zitakazotazama rekodi yake zitayaona.

Tena bei si kipimo pekee. Sheria ya Texas hutumia maneno ya thamani bora, yaani ofisi inaweza kupima ubora, uzoefu, rekodi ya kazi zilizopita na gharama ya muda mrefu pamoja na bei, ilimradi vipimo hivyo na uzito wake viwe vimeandikwa katika nyaraka. Soma ukurasa huo kabla ya ukurasa wowote mwingine. Ukiona bei ina uzito wa asilimia 40 na mpango wa kazi una asilimia 35, ujue kwamba aya tatu za haraka juu ya mpango wa kazi hazitakufikisha, hata ukiwa nafuu namna gani. Wahandisi na wasanifu majengo wana utaratibu wao kabisa: sheria inakataza kuwachagua kwa kushindanisha bei, huchaguliwa kwanza kwa sifa kisha bei hujadiliwa. Rafiki yangu mhandisi kutoka Goma alishangaa sana kuambiwa kwamba kuweka bei katika maombi yake kungeweza kumharibia.

Saa ya kufunga haina huruma, na kwetu sisi ina mtego wa ziada. Nyaraka zikisema 2:00 PM, hiyo ni saa nane mchana, na nimewahi kumwokoa mtu aliyeandika saa mbili katika kalenda yake kwa lugha yetu na kisha akaisoma kwa macho ya nyumbani, akawa anapanga kuipeleka zabuni saa mbili usiku. Zaidi ya hayo, El Paso iko nyuma kwa saa moja kuliko sehemu nyingine za jimbo, na nyaraka nyingi hufuata saa za Austin. Zabuni iliyochelewa dakika moja hairudishwi mezani, hata kama foleni ya lifti ndiyo iliyokuchelewesha.

Kuna viapo vingine vya kutia sahihi ambavyo humshangaza mgeni. Kampuni yenye wafanyakazi 10 au zaidi, kwa mkataba wa dola 100,000 na kuendelea, hutakiwa kuthibitisha kwamba haisusii Israeli, na sheria za mwaka 2021 ziliongeza kiapo kwamba haizisusii kampuni za mafuta na gesi wala haibagui sekta ya silaha. Unaweza kuwa na maoni yako, lakini sanduku lisipotiwa alama zabuni inaondolewa. Vilevile kampuni isiyo ya Texas inaweza kukuta imeongezewa mzigo: kama jimbo lake la asili linawapendelea wenyeji kwa asilimia fulani, Texas nayo inampimia kwa kipimo hicho hicho.

Kwa wadogo na wageni, zamani mlango uliotajwa sana ulikuwa HUB, cheti cha biashara zilizomilikiwa kwa asilimia 51 au zaidi na wanawake, watu wa jamii za wachache au askari wastaafu waliopata ulemavu katika utumishi wa jeshi. Kwa mikataba ya dola 100,000 na kuendelea yenye nafasi za ukandarasi mdogo, mkandarasi mkubwa alipaswa kuonyesha kwamba amezitafuta kampuni hizo. Mwishoni mwa mwaka 2025 ofisi ya Mdhibiti iliubadili mpango huo kwa kanuni za dharura ili ubaki kwa hao askari wastaafu wenye ulemavu, kwa hiyo anayesoma ushauri wa miaka ya nyuma mtandaoni awe mwangalifu. Njia ya ukandarasi mdogo yenyewe haijafa. Mkandarasi mkubwa mwenye majengo 20 bado anahitaji mtu wa kuaminika wa kusafisha matatu yaliyo mbali, na sheria inamtaka akulipe ndani ya siku 10 tangu alipolipwa na serikali.

Malipo ya serikali yenyewe, kwa uzoefu wangu, ni mazuri kuliko ya watu binafsi. Ofisi ina siku 30 tangu ipokee huduma au ankara iliyo sahihi, lolote lililokuja baadaye, na ikizidi hapo riba huanza kuhesabiwa. Tatizo ni zile siku 30 za kwanza pamoja na mwezi wa kazi uliozitangulia, maana wafanyakazi hulipwa kila wiki mbili. Mkataba wa dola 6,000 kwa mwezi humhitaji mtu mwenye mishahara ya miezi miwili benki kabla hajaugusa ufagio. Na ikiwa kampuni yako inadaiwa kodi na jimbo, malipo huzuiliwa hapo hapo, kwa kuwa mkono unaolipa ndio ule ule unaodai.

Anayetaka mtu wa kumwongoza bila malipo aende kwenye vituo vya APEX Accelerators, vilivyokuwa vikiitwa PTAC, ambavyo hulipiwa kwa sehemu na Wizara ya Ulinzi ya Marekani na huzisaidia biashara ndogo kuuza kwa serikali za ngazi zote. Mama aliyenisaidia huko alizisoma zabuni zangu mbili zilizoshindwa na kuzitia wino mwekundu kama mwalimu wa darasa la nne, na sikumlipa senti.

Mkataba ninaoutazama sasa unaisha tarehe 31 Agosti ya mwaka ujao, baada ya nyongeza yake ya mwisho. Nimeupata katika tovuti ya ofisi yenyewe, nikaomba jedwali la bei za miaka mitano iliyopita, na nimethibitisha kwa barua pepe kwamba jengo halimo katika mpango wa watu wenye ulemavu. Nakala imekaa juu ya meza ya jikoni, na pembeni mwa ukurasa wa tisa nimeandika kwa penseli swali la kumwuliza ofisa ununuzi siku ya kutembelea jengo: orofa ya tatu, ambayo nasikia imehamwa nusu, itahesabiwa kwa futi zake zote au kwa zile zenye watu.